Chumba cha Mama Kule Lisbon

Asubuhi ya tatu nilitoka nyumbani kwa shemeji yangu Njeru bila mpango wowote. Nilishuka ngazi za ghorofa nne nikiwa na kipande cha mkate mfukoni, karatasi yenye anwani ya nyumba ili nisipotee, na koti zito la sufu nililoazimwa kwetu Kiirua na watu walioniapia kwamba Ulaya hakuna jua. Ilikuwa Agosti, na jua la Lisbon lilichoma kama la Isiolo. Nilijua jambo moja tu: kabla ya jioni, mama yangu alitakiwa apate mahali pa kulala pasipokuwa kwa mkwe wake. Akikosa, alikuwa ameshasema, angebeba kiondo chake arudi uwanja wa ndege, akae huko kwenye kiti mpaka siku ya kurudi, wiki mbili mbele. Mama hakuwa mtu wa kutisha watu bure. Nilipofunga mlango nilimwona ameketi kwenye kiti kilekile alichokalia usiku kucha, viatu miguuni, kitambaa kichwani, kama abiria anayengoja gari lake liitwe.

Nayakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Njeru kwake Runyenjes, kando ya mibuni yake. Mpwa wangu Munene, ambaye wakati wa safari ile alikuwa na miaka kumi na minne na sasa ana mvi kidevuni, alisimama kusoma maisha ya baba yake. Akasimulia jinsi cucu yao, mama yangu, alivyokataa kulala nyumbani kwa mkwe hata Ulaya, na jinsi baba yao alivyozunguka mji mzima mpaka akampatia chumba. Watu walicheka, hata waliokuwa wakilia. Dada yangu Kagendo, sasa mjane, alinitazama kutoka kiti cha mbele akatikisa kichwa kidogo, kama kusema, wacha. Nikawacha. Huwezi kumpunguzia mtu sifa mbele ya jeneza lake, na Njeru alikuwa na sifa za kumtosha hata bila hiyo. Lakini hiyo haikuwa yake. Ni yangu, na ni mojawapo ya mambo machache ambayo naweza kusema niliyafanya kwa mikono yangu yakasimama. Nimeishi katika miji mingi, nimefanya kazi ambazo nyingine sikumbuki hata majina yake, na sina shamba la kuonyesha watu. Nina siku hiyo moja.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, si kwa kukosa karo wala kwa kushindwa na hesabu. Nilishindwa tu kukaa kwenye dawati nikisikia lori likipanda mlima bila kujua linakwenda wapi. Nikawa taniboi, utingo wa malori. Nililala juu ya maturubai, kwenye stoo za miraa mjini Maua, kwenye vyumba vya nyuma vya mikahawa ya Makutano ambako moshi wa jikoni ulipitia chini ya mlango na kukuamsha kwa harufu ya mandazi. Dereva wangu wa kwanza alikuwa mzee wa Kiislamu wa Maua, mtu wa maneno machache, na ndiye aliyenifundisha kuingia mji nisioujua. "Usitafute kitanda," aliniambia. "Mtafuta kitanda anaonekana mwizi. Nenda wanaposhusha mizigo, shika kitu, beba, nyamaza. Watakuuliza wenyewe unalala wapi." Hiyo ndiyo elimu niliyokuwa nayo, na nyumbani Kiirua haikuhesabika. Wageni walipokuja baada ya kanisa, mama aliwataja watoto wake huku akimimina chai. Kagendo ni nesi. Mutwiri ni mwalimu. Kisha macho yake yanafika kwangu, birika linasita kidogo hewani, anasema, "Na huyu yuko barabarani." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja ng'ombe aliyetoka boma na bado anatafutwa.

Njeru alikuwa Lisbon akisomea magonjwa ya kahawa kwa mwaka mmoja. Tiketi zetu zilipatikanaje ni hadithi ya kwake, alikwenda nayo. Aliwaita mkewe na watoto wao wawili likizo ya Agosti, na akasisitiza mama mkwe wake naye aje, kwa sababu miaka ile Kagendo alipokuwa bado chuoni mama ndiye aliyewalelea Wanja na Munene. Alitaka kumshukuru kwa kumwonyesha dunia. Mama alikubali kwa sharti kwamba awe na mtu wake wa kumshika mkono, kwa kuwa Kagendo angekuwa na watoto. Mutwiri alikuwa na mitihani ya kusahihisha. Nikabaki mimi. Nakumbuka Kagendo akisema jikoni, akidhani niko nje, "Heri yeye. Angalau hana kazi ya kuombea ruhusa."

Nyumba ya Njeru ilikuwa chumba kimoja cha kulala, sebule yenye kochi la kijani, na jiko ambalo watu wawili hawakuweza kupishana bila kuombana radhi. Tulifika saa kumi alasiri. Kagendo alitoa mahindi na maharagwe kwenye mzigo, akaweka githeri motoni kana kwamba alikuwa ameondoka jikoni hapo jana yake. Wanja, miaka kumi na sita, alifungua kila dirisha akihesabu balkoni zenye nguo. Munene alipanda na kushuka ngazi mara tatu kuhakikisha ghorofa ni nne kweli. Tulipomaliza kula, mama alifunga kiondo chake, akasimama, akamwambia Kagendo kwa Kimeru, "Haya, nipeleke kwa jirani."

"Jirani gani, mama?"

"Ninakolala."

Nitaeleza kwa msomaji asiyetoka kwetu. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume ni watu wa heshima kubwa. Hawashikani mikono ovyo, hawasemezani wala kutazamana moja kwa moja, hawali kutoka sahani moja, na mama hawezi kulala chini ya paa la mume wa binti yake. Runyenjes hilo halikuwahi kuwa tatizo. Mama alipowatembelea alikula mchana kwa Kagendo, na jioni akavuka ua kwenda kulala kwa mjane jirani, na mjane yule alifurahi kupata mtu wa kuongea naye. Ilikuwa kawaida kiasi kwamba hakuna aliyekuwa akiitaja tena. Na hapo ndipo sote tulipokosea. Njeru alidhani kwamba ukivuka bahari, mambo mengine unayaacha ng'ambo. Kagendo alidhani Njeru amepanga. Mama alidhani kwamba penye nyumba nyingi hivyo hapakosi mwanamke mmoja mwenye kitanda cha ziada. Tulijaza mizigo maharagwe, majani ya chai na unga wa uji, tukasahau kumtafutia mama jirani.

Njeru alichukua blanketi akaenda kulala sakafuni kwa mwanafunzi mwenzake, mitaa miwili mbali. Mama akasema mkwe akiondoka paa linabaki kuwa lake. Akakaa kwenye kiti.

Siku ya pili tulitembea kuona mji, na ingekuwa siku nzuri kabisa kama kila mtu asingekuwa anapiga hesabu ya jioni. Njeru alitangulia na kijitabu, shingo imekakamaa kwa kulala vibaya, akisoma kwa sauti habari za wafalme. Kagendo alimfuata, kisha watoto, kisha mimi, na nyuma kabisa, hatua kumi, mama na lesso yake, ili asimkanyagie mkwe kisigino. Tulipanda kwenye ngome iliyo juu ya mlima, tukauona mto mpana kama ziwa na mapaa mekundu yakishuka mpaka majini. Njeru aligeuka akiwa amefurahi. "Mwenda, mwulize mama ameonaje." Mama alikuwa amesimama palepale. "Mwambie Baba Wanja ni kuzuri," akaniambia. "Lakini hawa watu walijenga juu ya mawe. Wanalima wapi?" Nikamwambia Njeru, aliyekuwa amesikia kila neno. Njeru akasema, "Mwambie mama mashamba yako mbali." Wanja alifunika uso kwa mikono. "Aki anko, wazungu wanatuangalia. Wanafikiri tunacheza mchezo." Munene alitaka kujua kama akimpa cucu kamera ampige baba picha, hiyo itakuwa kumwangalia au la. "Nyamaza," alisema Kagendo, lakini alikuwa anacheka.

Baadaye tuliingia kanisa kubwa lenye makaburi ndani, na mama akauliza kwa sauti ya chini kwa nini waliwazika watu mahali pa kuimbia. Mchana tulikula kibandani karibu na mto, dagaa wakubwa waliochomwa wazima, vichwa na vyote. Sisi wa mlimani hatukukua na samaki. Munene alikula sita. Mama alimgeuza wake kwa uma, akamfunika kwa kipande cha mkate. "Ananitazama," akasema. Jioni, tulipofika mlangoni, alisimama kwenye ngazi ya chini na kutuambia lile la uwanja wa ndege. Njeru alikuwa ameulizia hoteli mbili, zote zimejaa watalii, na mama alikuwa ameshakataa hoteli hata kabla hajaisikia bei. Hakutaka kufungiwa kwenye korido na watu asiowajua kwao. Alitaka nyumba ya mwanamke. Njeru, msomi, mwenye nyumba, mwenye kijitabu, aliketi kwenye ngazi kama mtoto aliyepoteza kondoo. "Nimemwita nimpe heshima," alimwambia Kagendo kwa Kiembu, lugha ya kwao, akidhani sisikii vizuri, "na sasa nimemdhalilisha mbele ya watoto." Sikuwahi kumsikia akiongea hivyo. Ndipo nikasema nitatoka asubuhi. Kagendo akaniuliza nitakwenda wapi. Nikasema sijui. Wanja akasema, "Anko, huwezi hata kuomba maji kwa lugha yao." Ilikuwa kweli.

Nilianza vibaya. Nilifanya kama Njeru angefanya, nikatafuta mabango. Nyumba ya kwanza yenye bango la vyumba, mwanamume alinitazama mimi na koti langu la sufu, akafunga mlango polepole, bila chuki, kama anayefungia upepo. Ya pili walinipeleka mpaka chumbani, chumba kizuri chenye dirisha, lakini mwenye nyumba alikuwa kapera aliyevaa fulana, na nikajua mama hatafika hata ngazi ya pili. Nilikaa kwenye kizingiti cha duka nikala mkate wangu. Watu walipita. Nikamkumbuka mzee wa Maua na nikajicheka. Nilikuwa nimefanya lile aliloniambia nisifanye kamwe: nimeingia mji nikitafuta kitanda.

Nikaanza kufuata malori. Mji wowote, ukifuata lori lenye mboga, utafika sokoni. Nililifuata moja kwa macho likiteremka, kisha nikafuata matone ya maji ya kabichi barabarani, mpaka nikafika kwenye jumba la soko ambako nyuma yake watu walikuwa wanashusha kreti. Nilivua koti, nikalitundika kwenye msumari, nikaingia kwenye mstari. Hakuna aliyeniuliza. Nilibeba vitunguu, nikabeba viazi, nikabeba kitu kama karoti nyeupe ambacho mpaka leo sikijui jina. Mwili wangu uliifahamu kazi ile. Ulikuwa umefika nyumbani kabla yangu. Mbele yangu alikuwa mwanamume mweusi wa makamo, mwenye mgongo mbaya, na kreti moja ikamponyoka ikamwangukia mguuni. Akasema, wazi kabisa, "Mama yangu wee!"

Nilisimama na viazi begani. "Pole, mzee," nikasema.

Aligeuka taratibu kama mtu aliyeitwa na marehemu. "Wewe wa wapi?"

"Kenya. Meru."

"Mimi wa Msumbiji, kaskazini. Wakati wa vita tulikimbilia Tanganyika, nikakulia kule." Alinishika mkono na hakuuachia. "Miaka minane sijasikia mtu ananiambia pole." Kisha akacheka. "Lakini Kiswahili chako kibaya, bwana. Nani alikufundisha?"

"Madereva."

"Ndiyo maana."

Jina lake lilikuwa Asani. Tulishusha lori lote kabla hajauliza, sawasawa kama ilivyotabiriwa Maua, "Na unalala wapi?" Nikamwambia si mimi, ni mama, na nikamweleza habari ya mkwe. Sikuhitaji kurudia. Alitikisa kichwa kwa uzito, akasema hata kwao jambo hilo lipo kwa namna yake, na kwamba anamjua mwanamke mmoja, mjane, ambaye yeye humpelekea mboga zilizobaki. Ana chumba cha binti yake aliyehamia Ufaransa. "Lakini mkali," akasema. "Ataniuliza maswali." Nikamwambia mama yangu naye ni mkali, kwa hiyo wataelewana au watauana.

Nilikwenda kumchukua mama. Nilipopanda zile ngazi za ghorofa nne nilimkuta Njeru mlangoni, amekatisha masomo yake, akiwa na ramani. Alinitazama usoni. Alikunja ramani. Hilo nalikumbuka zaidi ya shukrani zote alizonipa baadaye, na zilikuwa nyingi, kwa sababu mtu akikunja ramani yake mbele yako amekuachia njia. Tulitembea familia nzima, na safari hii mimi ndiye niliyetangulia. Munene alinifuata visigino akiuliza tumefikaje huku, nani ameniambia, soko liko wapi. Wanja alikuwa amebeba kiondo cha cucu yake bila kuambiwa, katikati ya wazungu wote wale. Sokoni Asani alijiunga nasi, akainama mbele ya mama. "Shikamoo, mama." Mama hakuijua salamu hiyo, kwetu haipo. Alimtazama, akaona ameinama, akampa mkono. "Mzuri sana," akasema kwa Kiswahili, kila neno peke yake.

Nyumba ilikuwa katika kichochoro kilichopanda kwa ngazi, ghorofa ya chini, mlango wazi. Njeru alisimama nje na hakuvuka kizingiti, na nilimwona mama akiona kwamba hakuvuka. Ndani, mwanamke mnene mwenye nguo nyeusi alikuwa ameketi kwenye kigoda, beseni magotini, kisu mkononi. Aliitwa Dona Amelia. Asani alianza kumweleza kwa Kireno, naye akaninyooshea kisu bila kuinuka. Kwa nini huyu mama halali kwa binti yake? Wamegombana? Asani akaniuliza kwa Kiswahili, ingawa jibu alilijua, maana mjane alitaka alisikie kutoka kwetu. Nikasema hawajagombana, ni heshima, kwetu mama halali chini ya paa la mume wa binti yake. Likaenda kwa Kireno. Dona Amelia akasema maneno mengi kwa mara moja, na Asani akaanza kucheka kabla ya kutafsiri. "Anasema yeye alikaa kwa mkwe wake miaka miwili. Anasema laiti angeijua sheria yenu, mpaka leo wangekuwa wanasalimiana."

Nilimfasiria mama kwa Kimeru. Lakini mama hakuwa akinisikiliza. Alikuwa anatazama beseni. Dona Amelia alikuwa ameshika fungu la majani mapana ya kijani, ameyakunja kwenye kiganja cha kushoto kama sigara nene, na kwa mkono wa kulia anayakatakata nyembamba, nyembamba kama nyuzi, kisu kikija mpaka karibu na kidole gumba na kurudi. Ni sukuma wiki. Majani yaleyale, mkunjo uleule, kisu kilekile cha mpini wa mti. Mama aliweka lesso yake vizuri, akavuta kigoda cha pili bila kuombwa, akaketi, akachukua fungu kutoka kwenye beseni, akalikunja. Akanyoosha mkono kuomba kisu. Dona Amelia alimtazama, akaangalia vile alivyokunja, akampa. Mama akakata. Dona Amelia akainua vipande vichache akavipeleka kwenye mwanga wa mlango, na uso wake ukasema kwamba havina kasoro.

Chumba kilikuwa nyuma ya jiko. Kitanda cha chuma, shuka lililofumwa kwa uzi mweupe, dirisha la kutazama mlimao mmoja, na ukutani sanamu ya mtakatifu mwenye taa ndogo chini yake. Kanisa letu halina sanamu. Mama aliitazama kutoka alipoketi, kupitia mlango, kisu kikiendelea. "Huyo ni nani?" akaniuliza. Nikampa Asani swali, jibu likarudi: mlinzi wa nyumba. "Basi na alinde," mama akasema. "Mimi nitalala." Nje nilisikia Kagendo akivuta pumzi, na Njeru akisema kitu kwa Kiembu kwa sauti iliyokatika katikati.

Dona Amelia akaninyooshea ncha ya kisu kingine, akauliza swali fupi. Asani akaniambia, "Anamwuliza mama, na huyu kijana aliyemleta ni nani?"

Nikamfasiria mama. Nilijua jibu, nilikuwa nimelisikia kila Jumapili tangu niache shule, pamoja na kule kusita kidogo kwa birika. Mama aliweka majani chini. Alifuta mikono kwenye lesso, mmoja, kisha wa pili.

"Mwambie," akasema, "nina watoto watatu. Mmoja ni nesi, yule pale nje. Mmoja ni mwalimu. Na huyu ndiye anayezijua barabara. Mwambie usingizi wangu wa leo ameutafuta yeye."

Nilimgeukia Asani. Si rahisi kujisifu kwa lugha mbili mbele ya mama yako.

"Tafsiri," mama akasema, akichukua kisu tena. "Na usiruke neno."